Ridhaa ya Mkulima wa Kahawa

Katika Buhaya ya zamani, watu wawili wasiozaliwa tumbo moja waliotaka kuwa ndugu walichanjiana. Tunda moja la kahawa lilitwaliwa, na kwa kuwa tunda hilo huwa na punje mbili zilizolala kifua kwa kifua, kila mmoja alipewa punje yake. Mwili ulichanjwa, punje ikapakwa damu, kisha kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Udugu huo uliitwa omukago. Mtu wa leo aweza kuuona kuwa wa kutisha au wa kupendeza, kama atakavyo. Lakini hawezi kukana kwamba ulikuwa mkataba kamili. Wenye kuahidiana walikuwapo wote wawili. Wote wawili walitoka damu. Kila mmoja alijua alichoahidi, na mvunja ahadi aliijua adhabu yake.

Tunda lile lile leo latoka katika vibanja vya Bukoba na Muleba, chini ya migomba, likavuka bahari, likachanganywa na kahawa ya nchi nyingine, na kunywewa na watu wasiojua Kagera iko upande gani wa Ziwa Viktoria. Mkulima na mnywaji hawakuonana, wala hawataonana. Walakini wapo wanazuoni wafundishao kwamba hawa nao, pamoja na makampuni yaliyo kati yao, wamefungwa na mkataba, na kwamba maadili ya biashara ya kimataifa yatajengeka juu ya mkataba huo. Fundisho hili limepata heshima kubwa katika vyuo vya biashara duniani. Yafaa lipimwe kwa mizani ya kahawa.

Asili yake ni ya zamani. Thomas Hobbes katika mwaka 1651, John Locke katika mwaka 1689, na Jean-Jacques Rousseau katika mwaka 1762, kila mmoja kwa njia yake, walisema kwamba mamlaka ya serikali hupata uhalali kwa mapatano ya watu. Katika mwaka 1982 mwanafalsafa Mmarekani Thomas Donaldson alilitwaa wazo hilo akalivika kampuni: jamii huiruhusu kampuni iwepo, imiliki mali na kuajiri watu, kwa hiyo kampuni ina deni kwa jamii. Katika mwaka 1994 yeye na mwenzake Thomas Dunfee wakaieneza hoja hiyo kwenye biashara ya ulimwengu mzima, na mwaka 1999 wakaitolea kitabu kiitwacho Ties That Bind.

Nyumba waliyoijenga ina ghorofa mbili. Katika ghorofa ya juu zimekaa kanuni kuu ambazo hapana jumuiya iwezayo kuzivunja, kama vile kutomtumikisha mtu utumwa wala kumnyima heshima ya utu wake. Katika ghorofa ya chini yamekaa mapatano madogo ya kila jumuiya: kijiji, kampuni, soko, au watu wa kazi moja. Humo kila jumuiya ina uwanja huru wa kujiwekea desturi zake, na desturi hizo ni halali maadam wanajumuiya wameziridhia, wana haki ya kusema, wana haki ya kujitoa, na kanuni kuu hazikuvunjwa.

Fundisho hili si la kipuuzi. Lawakinga watu na makosa mawili: kosa la mgeni aletaye desturi za kwao kana kwamba ulimwengu wote ni sebule yake, na kosa la mgeni atoaye rushwa akajitetea kwamba huko aendako ndiyo mila. Lakini uzito wote wa nyumba hiyo umeegemea nguzo moja iitwayo ridhaa, na nguzo hiyo katika ardhi ya Kagera imeliwa na mchwa.

Tazama butura. Neno hili halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Bukoba, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali na lielezwe. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua. Msimu wa mavuno ungali mbali, mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada, au mgonjwa yuko hospitali, au akiba ya nyumbani imekwisha. Mlanguzi huja na fedha mkononi. Hukadiria mavuno, hutaja bei, na bei hiyo ni sehemu ndogo tu ya ile itakayolipwa kahawa itakapokuwa maganda makavu katika gunia. Mkulima hupokea fedha. Mavuno yakiiva, si yake tena. Serikali imeikataza biashara hii, viongozi wameihubiri mara nyingi, nayo ingali hai.

Sasa mwanafunzi na aliulize fundisho: je, butura ni mapatano halali ya jumuiya? Masharti yake yaonekana yametimia. Desturi inajulikana na kila mtu. Mkulima hakupigwa wala hakufungwa kamba. Amesema ndiyo kwa kinywa chake. Angeweza kusema hapana. Mlanguzi mwenyewe aweza kujitetea kwa maneno yale yale ya wanafalsafa: wamepatana watu wazima wawili, kila mmoja akijua alitoacho na alipatacho. Fundisho likijibu kwamba butura ni halali, limebariki njaa. Likijibu kwamba si halali, kwa kuwa ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa, basi limekata tawi lililokalia. Maana njaa hiyo haikai mlangoni pa mwenye kuuza maua peke yake. Imekaa katika njia nzima ya kahawa, kutoka kibanjani hadi London.

Bei ya robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Bukoba, hufuata bei ya soko la London. Mti wa kahawa huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa sawasawa, na ukitunzwa hudumu umri wa mtu. Mwenye mti hawezi kujitoa sokoni leo kwa kuwa bei imeanguka, akarudi kesho ikipanda. Akiung'oa, amepoteza miaka. Akiuacha, hana budi kuuza. Mnunuzi hana shida hiyo. Kahawa ya Kagera ikimchukiza kwa bei, hugeukia Uganda. Uganda ikimchukiza, hugeukia Vietnam, ambayo tangu miaka ya 1990 imepanda hadi kuwa nchi ya kwanza duniani kwa robusta. Haki ya kujitoa ambayo wanafalsafa wameiweka kuwa kinga ya mnyonge yamo mkononi mwa mwenye nguvu peke yake. Mkulima ana haki hiyo kama kuku alivyo na haki ya kuruka: mabawa anayo, lakini mwewe hamwogopi.

Na itazamwe hata siku ya neema. Katika mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani, kiwango ambacho soko hilo halikuwa limekiona kwa miaka mingi. Wenye kahawa ghalani walicheka. Aliyekuwa ameuza maua yake miezi kadhaa kabla aliitazama neema ile ikipita mbele ya nyumba yake katika baiskeli ya mtu mwingine. Yeye pia alikuwa ametoa ridhaa.

Watetezi wa fundisho watasema kwamba dhiki hii ni ya mahali pamoja tu, na kwamba katika kiwango cha mataifa mambo yanaweza kupatanwa kwa haki zaidi. Hapo ndipo historia inapowaumbua. Kwa maana mkataba wa mataifa juu ya kahawa ulikuwapo, mkataba wa kweli wenye karatasi, vifungu na saini. Ulitiwa saini mwaka 1962 chini ya Umoja wa Mataifa, ukazaa Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao yake London. Nchi ziuzazo na nchi zinunuazo zilikaa meza moja, Tanzania ikiwamo, zikagawana migawo ya mauzo ili bei isiporomoke. Katika miaka ya 1980 bei iliyokusudiwa ilikuwa kati ya senti 120 na senti 140 za dola kwa ratili. Mkataba huo haukuwa wa malaika: nchi kubwa zilipata fungu kubwa, na kahawa nyingi ilivuja nje ya mgawo kwa bei ya kutupa. Hata hivyo ulikuwa na sifa ambayo mkataba wa wanafalsafa hauna. Aliyeuvunja alijulikana, na tarehe ya kuvunjika inajulikana.

Tarehe hiyo ni Julai 1989. Brazili haikutaka fungu lake lipunguzwe, Marekani ilikuwa imechoka na masharti, na migawo ikasimamishwa isirudi tena. Bei ikaanguka. Miaka kumi na miwili baadaye, katika mwaka 2001, wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50 kwa ratili. Waliovunja mkataba hawakuulizwa na jumuiya yoyote kama wametimiza masharti ya kujitoa. Mkulima wa Muleba, ambaye kibanja chake kilikuwa kimepandwa kwa kutumaini mpango ule, hakuletewa hata barua.

Na angalia jinsi miaka ilivyofuatana. Mkataba wenye saini ulikufa mwaka 1989; fundisho la mkataba usio na saini likatimia mwaka 1994; mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ukazindua mapatano ya makampuni ambayo kampuni hujiunga kwa hiari; mwaka 2011 ukapitisha kanuni elekezi juu ya biashara na haki za binadamu, ambazo zenyewe hazimfungi mtu kisheria. Hapana mtu asemaye kwamba jambo moja lilipangwa ili kuzaa jingine. Lakini mwenye macho ataona kwamba kadiri mikataba ya karatasi ilivyopungua, ndivyo mikataba ya fikra ilivyoongezeka. Na mwenye deni daima hupendelea ile ya pili, maana ahadi ni deni pale tu zinapokuwa na mtu wa kuzidai.

Ghorofa ya juu nayo ina mambo yake. Katika mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zinazotoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, kahawa ikiwa mojawapo. Kila shamba sharti lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji wake uliahirishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Hapana mtu mwenye akili atakayeitukana nia ya kulinda misitu. Swali ni jingine: nani aliyeketi mezani wakati kanuni hiyo kuu ilipokuwa ikiandikwa, na nani alipaye gharama ya kuitimiza? Kibanja cha Mhaya, chenye migomba, maharage, miti ya kivuli na kahawa pamoja, ni kilimo kilichoishi na miti kwa vizazi vingi. Leo mwenye kibanja hicho atakiwa athibitishe kwa chombo cha kupimia kwamba yeye si mharibifu. Kosa likionekana katika vipimo, gunia lake ndilo litakalokataliwa. Kanuni inaitwa ya ulimwengu mzima, lakini mzigo wake una anwani.

Hapa msomaji mwadilifu atainua mkono na kuuliza: je, makosa yote ni ya wageni? Hapana, na atakayesema ndiyo hafai kusikilizwa. Buhaya yenyewe ilikuwa na nyarubanja, mfumo ambao mtu alilima ardhi ya bwana na kumlipa kodi na heshima, na desturi hiyo ilihesabiwa kuwa mapatano ya jumuiya mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipoanza kuivunja. Mila ya Kihaya ilimnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, ingawa mikono yake ndiyo ipaliliayo migomba na kuchuma kahawa. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliitangua mila hiyo kwa kutegemea haki za binadamu zilizomo katika katiba. Hapa fundisho la kanuni kuu laweza kujisifu kwa haki: desturi ya mahali ilipimwa kwa kanuni iliyo juu yake, ikaonekana pungufu. Lakini na ikumbukwe kwamba mama yule hakuokolewa na mkataba wa kufikirika. Aliokolewa na katiba iliyoandikwa, na mahakama yenye mlango, na hukumu yenye nguvu.

Serikali nayo haina mikono safi. Chama cha ushirika cha wenyeji wa Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950 kilikua hata kikawa mdomo wa mkulima mbele ya soko. Katika mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi nzima vilivunjwa kwa amri, navyo vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wanachama hawakuulizwa walipovuliwa nguo, wala hawakuulizwa walipovishwa tena. Katika mwaka 2018 iliamriwa kwamba kahawa yote ipite katika vyama, na mnunuzi binafsi asiingie kijijini. Nia ilikuwa kumkomesha mlanguzi. Lakini malipo yalipochelewa, magunia yakatafuta njia ya kwenda Uganda usiku, na mkulima akaitwa mfanya magendo kwa kuuza mali yake mwenyewe. Baadaye minada ikaanzishwa ili wanunuzi washindane. Lile lililokosekana London lilikosekana nyumbani pia: kuulizwa kwanza.

Pingamizi la mwisho ndilo la werevu zaidi. Watetezi watasema kwamba hakuna aliyedai kuwa mkataba huu ulitiwa saini. Ni kipimo cha akili tu: watu wenye busara wangepatana nini, kama wangekaa bila kujua nani atakuwa mkulima na nani atakuwa tajiri? Vema. Basi kipimo na kitumike mpaka mwisho. Mtu asiyejua kama atazaliwa Kamachumu au Chicago asingekubali soko ambalo mmoja hukaa na mti miaka yote na mwingine huondoka kwa saa moja. Asingekubali bei inayoweza kushuka chini ya gharama ya kuchuma, bila mtu yeyote wa kuulizwa. Angedai bei ya chini kabisa iandikwe, ghala liwepo, na mkopo upatikane kabla ya maua kuuzwa. Mbona vitabu vya maadili ya biashara huandika kurasa nyingi juu ya rushwa na zawadi za wakubwa, na kidogo mno juu ya bei? Rushwa ni aibu ya mtu mmoja mmoja, na tajiri aweza kuikana bila kupungukiwa. Bei ni faida yenyewe.

Afrika ya Mashariki ina sababu ya kuogopa mikataba ambayo upande mmoja huieleza kwa niaba ya upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwa na karatasi zilizoandikwa Kijerumani, na watawala wakatia alama zao. Februari 1885 karatasi hizo zikatosha kumpatia hati ya ulinzi ya Kaisari. Ridhaa ilikuwapo katika karatasi zile. Kilichokosekana ni uwezo wa kusoma na uwezo wa kukataa. Mkataba wa kufikirika umekwenda hatua moja zaidi, kwa maana hata ile alama hauitaki.

Bukoba yenyewe imekwisha kuonyesha mkataba wa kweli huanzia wapi. Katika mwaka 1937 serikali ya Waingereza iliwaletea wakulima kanuni za kutunza kahawa ambazo hawakushauriwa, na wakulima wakazikataa hadharani, chama cha wakulima cha Klemens Kiiza kikiwa mbele. Ghasia zilizimwa na wakubwa wakawa na lao. Lakini watu waliokuwa wamejifunza kusema hapana ndio waliounda ushirika miaka kumi na mitatu baadaye, wakakaa mezani na wanunuzi wakiwa na kahawa ya wilaya nzima mkononi. Kukataa kulitangulia, mapatano yakafuata. Wanafalsafa wameigeuza njia hiyo kichwa chini: wameanza na mapatano, na kukataa wamekuacha kuwa haki isiyo na nyenzo.

Basi kazi ya mwanazuoni wa Kiafrika afundishaye maadili ya biashara ni kuuliza, kila aonapo neno ridhaa, ridhaa hiyo iligharimiwa na nani. Mkulima aliye na mkopo wa riba nafuu wakati wa maua, ghala la kuhifadhi maganda yake mpaka bei ipande, hesabu za chama zinazosomwa mbele yake kwa lugha aijuayo, na kiti katika mkutano unaoweka masharti ya kahawa yake, huyo akisema ndiyo, neno lake ni mkataba. Vitu hivi vinajengwa kwa fedha na sheria, na vyaweza kuhesabiwa. Chama kisichokuwa navyo kiulizwe. Serikali isiyovilinda iulizwe. Kampuni ijisifuyo kwa maadili iulizwe imechangia kipi kati yake, na kwa kiasi gani.

Mpaka hapo, wanaopenda kusema kwamba mkulima wa Bukoba na mnunuzi wa Ulaya wamefungwa na mkataba waukumbuke omukago. Tunda ni lile lile, na punje zake zingali mbili. Mmoja amechanjwa zamani, na damu yake imo ndani ya punje; mwenzake anakunywa, na hata leo hajakunja mkono wa shati.